Maji Mafu Tarawa

NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Neema, na huyu anayehangaika na kikombe ni Salim.

SALIM: Kahawa hainywewi kwa haraka, dada. Habari zenu popote mlipo.

NEEMA: Leo tunakwenda Bahari ya Pasifiki, Vita Kuu ya Pili. Sasa, ukitaja Marine wa Marekani, wale askari wanaotua kutoka baharini, na vita vya visiwani, watu wanakimbilia picha moja tu. Wanaume sita, mlima, bendera.

SALIM: Iwo Jima. Ile nimeiona mpaka kwenye fulana ya mtumba.

NEEMA: Ndiyo hiyo. Aliipiga Joe Rosenthal, 23 Februari 1945. Na hata hiyo inayojulikana dunia nzima, majina ya waliomo yalikuwa yamekosewa. Jeshi limesahihisha mwaka 2016, likasahihisha tena 2019. Mmoja wao, Harold Schultz, alirudi zake akafanya kazi posta Los Angeles, akafa 1995, watu hawajui kwamba yule wa kwenye picha ni yeye.

SALIM: Alinyamaza tu?

NEEMA: Alinyamaza tu. Lakini huyo tumwache, tutamrudia siku nyingine. Leo nina kisiwa kisicho na picha kama ile, na nina swali kwako wewe mtoto wa mvuvi wa Pangani.

SALIM: Uliza.

NEEMA: Tarehe 20 Novemba 1943. Nimehesabu, kwa mwezi wa Kiislamu ilikuwa ishirini na moja, ishirini na mbili hivi. Una mashua imejaa watu. Unataka kuvuka mwamba asubuhi uingie ufukweni. Unafanyaje?

SALIM: Siendi.

NEEMA: Huendi?

SALIM: Mwezi ishirini na mbili ni maji mafu, dada. Nieleze kwa ajili ya watu wa bara kama wewe. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, tunapata bamvua. Maji yanajaa mpaka yanagusa mizizi ya minazi, na yakipwa yanakwenda mbali, kina mama wanatoka kuokota chaza. Sasa katikati ya bamvua na bamvua yapo maji mafu. Hayo hayajai yakajaa, wala hayapwi yakapwa. Ukiipeleka mashua yenye mzigo juu ya mwamba siku hizo unapwelewa. Unakaa pale pale, unawatazama wenzako ufukweni wanakucheka.

NEEMA: Basi siku ile waliokuwa ufukweni hawakucheka. Walikuwa na bunduki za rasharasha.

SALIM: Ala.

NEEMA: Kisiwa kinaitwa Betio. Kipo kwenye atoli ya Tarawa, yaani pete ya visiwa vya matumbawe, katika visiwa vya Gilbert, koloni la Uingereza enzi zile, leo ni nchi ya Kiribati. Kidogo sana. Urefu kama kilometa 3, upana hata kilometa 1 haufiki. Wajapani walikuwa wamejenga uwanja wa ndege katikati, na kuzunguka ufukwe wakaweka ukuta wa magogo ya minazi, unamfika mtu kifuani. Nyuma ya ukuta mahandaki, mizinga, na watu wapatao 4,800. Kamanda wao, Keiji Shibazaki, inasemekana alijigamba kwamba watu milioni moja wakija kwa miaka 100 hawatakitwaa.

SALIM: Na Wamarekani wakaja na wangapi?

NEEMA: Divisheni ya 2 ya Marine. Meli zikakipiga kisiwa tangu alfajiri, karibu muda wa saa tatu, moshi na vumbi tupu. Waliokuwa melini wakaamini hakuna kiumbe aliyebaki. Kisha wakaanza kushuka. Mawimbi ya kwanza walipanda vile vyombo vyenye minyororo kama ya kifaru. Vinaogelea, vikifika kwenye mwamba vinatambaa juu yake kama kaa. Hivyo vilikuwepo 125 tu. Waliofuata wakapanda mashua za Higgins, za kushushia askari, hazina minyororo.

SALIM: Zinazama kiasi gani hizo?

NEEMA: Futi 4, hivyo zinataka maji yazidi hapo.

SALIM: Na mwamba ulikuwa na maji kiasi gani?

NEEMA: Futi 3. Sehemu nyingine hata hizo hazikufika.

SALIM: Basi wamekwisha.

NEEMA: Mashua zikagonga mwamba, zikakwama. Milango ikafunguliwa. Watu wakashuka kwenye maji ya kifua, bunduki juu ya kichwa, mizigo mgongoni, na ufukweni kunabaki mita 500 na zaidi. Huwezi kukimbia ndani ya maji, Salim.

SALIM: Huwezi. Mimi nimelitembea eneo kama lile tangu mtoto. Chini pana mashimo, pana matumbawe yanayokata kama wembe. Unaweka mguu hapa maji ya kiuno, hatua ya pili umezama mpaka shingoni. Hata bila mtu kukupiga risasi unafika umechoka hoi. Hebu niambie kitu kimoja: hapakuwa na mtu wa kumwuliza?

NEEMA: Nilijua utauliza.

SALIM: Maana jana ulivyonidokeza mada nilimpigia mzee Pangani. Sikumwambia vita wala nini, nikamtajia mwezi na mwamba tu. Akasema, "Huyo nahodha ni mgeni?"

NEEMA: (anacheka) Mzee kamaliza kipindi. Basi alikuwepo mtu. Meja Frank Holland, wa New Zealand, ameishi visiwa vile miaka 15 kabla ya vita. Aliposikia tarehe akashtuka. Akawaambia maji hayatazidi futi 3. Lakini wapo wengine waliovijua visiwa pia, wao wakasema futi 5 zitapatikana. Na ratiba ilikuwa imeshafungwa. Mbele kuna visiwa vya Marshall vya kuvamiwa, meli zinangojewa.

SALIM: Kwa hiyo wakachagua jibu walilolitaka.

NEEMA: Hapo ndipo watu wanabishana mpaka leo. Makamanda wenyewe walijua ni bahati nasibu, ndiyo maana waliviweka mbele vile vyombo vya minyororo. Halafu kuna jambo lilikuja kujulikana baadaye sana. Mwaka 1987 mwanafizikia mmoja wa Texas, Donald Olson, alipiga hesabu za mwezi wa siku ile. Akakuta haikuwa maji mafu tu. Mwezi wenyewe ulikuwa umefika karibu na umbali wake wa mwisho kutoka duniani, mvuto wake umepungua.

SALIM: Kwa hiyo maji mafu juu ya maji mafu.

NEEMA: Bahari ilikaa tu. Saa zinakwenda, watu wanatazama maji kama yatapanda, hayapandi. Yameanza kujaa vizuri mchana wa siku ya pili.

SALIM: Na usiku wa kwanza?

NEEMA: Askari 5,000 hivi walikuwa wametua. Kama 1,500 kati yao wameuawa au wamejeruhiwa. Waliobaki wamejibanza chini ya ule ukuta wa minazi, nyuma yao maji, mbele yao Wajapani. Kanali David Shoup, aliyekuwa akiongoza pale ufukweni, ana jeraha mguuni na makao yake makuu ni kiambaza cha handaki la Wajapani, na wenyewe wamo ndani bado! Kesho yake jioni akatuma ujumbe kwa redio. Wanausoma mpaka leo: majeruhi wengi, asilimia ya waliokufa haijulikani, uwezo wa kupigana, tunashinda.

SALIM: Kwa pumzi moja namna hiyo.

NEEMA: Pumzi moja. Vita ikaisha baada ya saa 76. Wamarekani zaidi ya 1,000 wamekufa, zaidi ya 2,000 majeruhi. Upande wa pili karibu wote. Wajapani waliotekwa wakiwa hai ni 17.

SALIM: Kumi na saba kati ya elfu nne na mia nane?

NEEMA: Na Wakorea 129. Maana kwenye wale 4,800 kulikuwa na vibarua Wakorea wapatao 1,200, Japani iliwachukua kwao kuja kuchimba mahandaki.

SALIM: Subiri. Hapo nikukatize, kwa sababu ndiyo shida yangu na hadithi hizi. Tunasema Marine, tunasema Wajapani. Kibarua wa Kikorea hana bunduki, kaburi lake liko wapi? Na wenye kisiwa?

NEEMA: Wenye kisiwa walikuwa wamehamishwa Betio na Wajapani. Na kabla ya hapo, Oktoba 1942, palepale Betio Wajapani waliwakata vichwa watu 22, wengi wao vijana wa New Zealand waliowekwa visiwani kuchungulia meli na kupeleka habari kwa redio.

SALIM: Hao ndio hawana fulana.

NEEMA: Hawana. Ila kuhusu Wakorea nitakujibu, usiniharakishe. Kwanza habari zilivyofika Marekani. Watu hawakuelewa. Kisiwa kidogo hivi, maiti 1,000 kwa siku 3? Admirali Nimitz, mkuu wa majeshi ya Marekani kule Pasifiki, alikuwa akipokea barua za kina mama wakimwambia yeye ndiye aliyewaulia watoto wao. Halafu kuna mpigapicha wa Marine, Norman Hatch, alishuka na kamera yake kwenye maji yale yale. Picha zake zilikuwa na maiti za Wamarekani zinaelea. Rais Roosevelt mwenyewe ndiye aliyeruhusu zionyeshwe. Filamu ikaingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1944, ikapata Oscar. Hatch ameishi mpaka 2017, miaka 96.

SALIM: Huyo yeye alisema.

NEEMA: Alisema, maana kazi yake ilikuwa kuonyesha. Wengi hawakusema. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, askari wa Waingereza huku Afrika Mashariki, akapelekwa Burma na Divisheni ya 11, bonde la Kabaw, 1944, hao hao Wajapani. Ukimwuliza vita anakwambia habari za mvua. Kwamba mvua ya kule inakuozesha viatu vikiwa mguuni. Basi. Hapo kamaliza.

SALIM: Labda mvua ndiyo iliyosemeka.

NEEMA: Labda. Sasa twende kwenye kilichonifanya niilete mada hii. Wale waliokufa Betio walizikwa haraka haraka, kwenye mitaro, kila kikosi kilipoangukia. Jua la ikweta, unaelewa. Halafu wajenzi wa jeshi wakaingia kupanua uwanja wa ndege na barabara. Misalaba ikahamishwa, ikapangwa vizuri kwa mistari.

SALIM: Misalaba imehamishwa, na watu je?

NEEMA: Watu wakabaki walikokuwa. Mwaka 1946 kikosi cha kufukua makaburi kikaja kuwachukua warudishwe kwao. Wanachimba chini ya msalaba, mchanga mtupu. Karibu nusu hawakuonekana.

SALIM: Kwa hiyo mama ameandikiwa mtoto wako kazikwa sehemu fulani, safu fulani...

NEEMA: Na hayupo. Miaka 70. Chukua Alexander Bonnyman. Umri miaka 33, ana mgodi wa shaba New Mexico, serikali imemsamehe asiende vitani kwa sababu shaba inahitajika. Ana mabinti watatu. Akajiandikisha mwenyewe, askari wa kawaida, akapanda mpaka luteni. Siku ya tatu Betio aliongoza watu wachache kupanda ngome kubwa iliyofukiwa mchanga kama kichuguu. Wajapani walipotoka, yeye alikuwa mbele kabisa. Akafia pale juu. Akapewa nishani ya juu kabisa ya Marekani, na mwaka 1947 aliyekwenda kuipokea ni binti yake mkubwa, miaka 12.

SALIM: Na mwili?

NEEMA: Hakuna. Wazazi wake wamekufa hawajui alipo. Mpaka 2015. Kuna shirika linaitwa History Flight, wamekuwa wakichimba Betio kwa miaka, chini ya nyumba za watu, maana kile kisiwa sasa kimejaa watu tele. Wakaufikia mtaro ulioandikwa Kaburi la 27, wamelala pale kwa mstari, wengine na buti zao na kofia za chuma. Mwanaakiolojia anafuta mchanga kwenye fuvu moja, anaona inang'aa. Meno ya dhahabu.

SALIM: Bonnyman.

NEEMA: Rekodi za daktari wake wa meno zilikuwepo. Na mjukuu wake alikuwa amesimama hapo hapo ukingoni mwa shimo. Wakamzika Knoxville, Tennessee, Septemba 2015.

SALIM: Meno ya dhahabu, jamani. Wanaume wa zamani wa kwetu walikuwa nayo, tunawacheka.

NEEMA: Na sasa jibu lako. Kwenye kuchimba huko wanatoka wote, mfupa hauna sare. Kipimo cha vinasaba kikaonyesha mmoja ni kibarua wa Kikorea. Desemba 2023 akarudishwa Korea Kusini, akazikwa kijijini kwao.

SALIM: Mmoja.

NEEMA: Mmoja kati ya zaidi ya 1,000.

SALIM: Sawa. Angalau umenijibu. Na pale Betio leo kuna nini? Mtu akienda ataona kitu?

NEEMA: Mizinga ya Wajapani bado ipo ufukweni, imekula kutu, watoto wanaipanda. Na kwenye ule mwamba, pale walipokwama, kuna kifaru cha Marine kimebaki majini tangu siku ile. Maji yakipwa kinaonekana, unaweza kukifikia kwa miguu.

SALIM: Na bamvua likijaa?

NEEMA: Likijaa hukioni.