Kipindi cha Leo: Risasi Mita Moja

SELE: Asalamu aleikum wasikilizaji, mie Sele, na dada Mauwa huyu hapa kashaanza kucheka hata sijasema kitu.

MAUWA: Waleikum salamu. Nsicheke vipi na kidole umekivisha kilemba?

SELE: Jumanne bwana, nimetoka soko la samaki la Malindi, hapa Unguja, na changu wangu watatu, niko jikoni naparua magamba, mkono umerowa, mpini wa kisu ni ule wa plastiki laini, ukaniponyoka kama sabuni. Hapa, ona. Basi kwa hasira nkaingia kwenye simu nkaona Wamarekani wanavofanya kwenye bastola zao, zile za mpini wa plastiki kama Glock, iloingia jeshi la Austria mwaka 1982, wanachukua chuma cha kuchomea cha mafundi redio, kikipata moto wanadonoadonoa vitundu mpini mzima mpaka unakwaruza kama ngozi ya papa. Nkasema hichi nakifanyia kisu. Leo tuna mambo matatu, la kwanza...

MAUWA: La kwanza risasi.

SELE: Mauwa, tulikubaliana.

MAUWA: Wasikilizaji wanamjua mama mkwe wako, watuache kweli?

SELE: Haya. Chuma kipya ncha yake unaipaka risasi kwanza, ile ya kuungia waya za redio, si ya bunduki, isishike kutu. Nkapiga simu duka la Darajani, nampigia kelele yule kijana, "niwekee na risasi!", na video ya bastola inaendelea kwa sauti. Mama mkwe yuko ukumbini anachambua mchele.

MAUWA: Akavaa buibui.

SELE: Akavaa buibui akaenda kwa sheha, mkuu wetu wa mtaa! Mie narudi na kifuko changu namkuta sheha kakaa mlangoni, ananiuliza kwa upole kabisa, mwanangu, risasi ngapi? Nkamjibu mita moja.

MAUWA: (anacheka) Mita moja!

SELE: Ndo inavouzwa, ni waya! Nkamfungulia kifuko, akaishika, akaomba kipande, redio yake ina waya uloachia.

MAUWA: Na kisu?

SELE: Kisu kizuri. Nlijaribia kwanza kwenye kifuniko cha ndoo ilopasuka, nkaweka tepu pembeni nsipitilize, nadonoa kidogo tu nanyanyua, ukikawia plastiki inachuruzika. Nje uwani, maana moshi wake si wa kuvuta. Na mtu asijaribie kwenye bomba la PVC, likiungua linatoa gesi ya asidi.

MAUWA: Mie ningefunga mpira wa baiskeli, kipande cha tyubu, dakika mbili, bila moshi, bila sheha.

SELE: Tyubu chini yake maji yanalala, siku ya tatu inanuka.

MAUWA: Na vitundu vyako mia tatu? Damu ya samaki inakaa humo, yakhe! Tyubu naivua naifua. Wewe utavua vitundu?

SELE: Mswaki na sabuni.

MAUWA: Kila siku? Wewe? Kikombe cha chai tu unakiacha mpaka kesho.

SELE: Kikombe hakinikati.

MAUWA: Bastola haiparui samaki, hao Wamarekani vitundu vinawafaa, jikoni ni mambo mengine. Na ukishayeyusha ndo basi, huwezi kurudisha.

SELE: Kisu changu hakitelezi.

MAUWA: Kitanuka.

SELE: Hakitelezi, Mauwa.

MAUWA: Nilete pua yangu wiki ijayo.

SELE: Ilete. Na wewe lete tyubu yako tutie mafuta ya samaki tuone nani anaponyokwa. Sasa, jambo la kwanza, kuijua plastiki, kuna nailoni, kuna ile ya ndoo, kila moja inayeyuka kwa joto lake...

MAUWA: Adhana hiyo.

SELE: Lo! Na mambo matatu yote?

MAUWA: Hata moja hatujalimaliza. Simu yako inalia.

SELE: Mama mkwe.

MAUWA: Weka spika.

SELE: Siweki.

MAUWA: Anataka nini?

SELE: Anauliza ile nusu mita ilobaki nimeificha wapi.