Kuunganisha Kadi Mbili za Mtandao Kuwa Kiungo Kimoja Katika Linux

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tutaunganisha kadi mbili za mtandao za seva, kila moja ikiwa na kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde, ziwe kiungo kimoja kiitwacho bond0, ili data ipate njia pana zaidi na waya mmoja ukikatika kazi isisimame.

Tunaanzia kwenye swichi ya mtandao, kifaa ambacho nyaya za seva huchomekwa. Ziweke poti mbili ziendazo kwenye seva katika kundi moja la LACP (itifaki ambayo seva na swichi hutumia kukubaliana kuunganisha nyaya), kisha chagua active, yaani upande unaoanzisha mazungumzo. Pande zote mbili zikiwekwa passive, kila upande humsubiri mwenzake aanze, na kundi haliundiki.

Sasa kaa mbele ya seva yenyewe. Tafadhali usiifanye kazi hii ukiwa umeingia kupitia kadi hizo hizo, kwani utajifungia nje. Kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), andika amri hizi, ambamo eth0 ni kadi ya kwanza na 802.3ad ndiyo hali ya LACP:

ip link add bond0 type bond mode 802.3ad miimon 100 xmit_hash_policy layer3+4
ip link set eth0 down
ip link set eth0 master bond0

Rudia amri mbili za mwisho kwa eth1, yaani kadi ya pili, washa bond0, kisha uipe anwani ya IP iliyokuwa kwenye eth0. Ile 100 ni milisekunde: kila zinapopita, mfumo hukagua kama waya bado uko hai.

Fungua /proc/net/bonding/bond0 na utazame mstari wa Partner Mac Address. Ukiona sifuri tupu, swichi haijajibu, kwa hiyo rudi ukakague poti zake.

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo: wanapakua faili moja kubwa na kasi inabaki gigabiti 1. Hakuna kilichoharibika. Kila muunganisho hupangiwa waya mmoja na kubaki humo, ili pakiti (vipande vya data) zisifike zikiwa zimepanguka. Faida huonekana watumiaji wengi wanapoihitaji seva kwa wakati mmoja. Kwa layer3+4, namba za poti za programu nazo huhesabiwa katika kupanga, hivyo hata kompyuta moja yenye miunganisho mingi inaweza kutumia nyaya zote mbili.

Mwisho, ukiwa kwenye kompyuta nyingine, anzisha ping (amri inayotuma ujumbe mfupi na kusubiri jibu) kuelekea seva, kisha chomoa waya wa kwanza. Majibu yataendelea, pengine baada ya kupotea moja au mawili. Urudishe, subiri kidogo, halafu chomoa wa pili. Usiliruke jaribio hili, kwa maana waya ambao haujajaribiwa hauwezi kuitwa akiba. Nyaya zote mbili zikipita jaribio, andika mipangilio hii kwenye faili za mtandao za mfumo wako, kwa sababu amri tulizoandika hupotea seva inapozimwa.