Danieli Alikataa Chakula, Hakukataa Kitabu

Bwana asifiwe. Kaeni jamani, kaeni, na nyinyi vijana mliobanana huko mlangoni ingieni, viti viko hapa mbele. Wachungaji wetu, wazazi wangu, asanteni kwa kuniita.

Najua kuna walionisikia Likoni na wengine kule Kisauni, nimewaona mkinong'onezana, huyu mama amekuja tena na habari zake za chuo. Ndio, nimekuja nazo, na nitakuja nazo mpaka nisisikie tena mtoto amefaulu, ameitwa, karo inaweza kutafutwa, halafu anafungiwa nyumbani ati dunia inaisha. Faida za elimu sielezi, mnazijua wote. Naongea juu ya huyo mtoto mmoja tu, anayezuiwa kwa jina la Mungu.

Mimi nilifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, miaka ya tisini nikapata B+. Enzi hizo vijana mlikuwa hamjazaliwa, ukimaliza shule ulikaa nyumbani karibu miaka 2 ukingojea JAB, bodi iliyogawa nafasi za vyuo vikuu, ikuite, hakukuwa na KUCCPS hii ya sasa ya kubofya kwa simu, barua ilikuja kwa posta. Yangu ikaja, nimeitwa kusomea ualimu, hesabu na biashara. Babangu hakuwa mtu mbaya, naomba hilo mlishike, alinipenda sana. Aliichukua ile barua akaipeleka kwa mchungaji wetu iombewe. Dhehebu silitaji, watu wangu bado wako ndani yake. Mchungaji akauliza swali moja, Bwana akirudi usiku wa manane atamkuta huyu binti kwenye hosteli akifanya nini? Nani angejibu? Chini ya barua kulikuwa na kipande cha kukata, unajaza unakubali nafasi unarudisha kabla ya tarehe waliyoandika. Changu nilikuwa nimeshakijaza kwa kalamu ya buluu, kimebaki kukatwa tu. Tarehe ikapita barua iko chini ya kitambaa cha meza ya maombi, na mimi jikoni.

Sasa watu wakisikia hapo wanadhani najutia mshahara. Najutia mshahara ndio, mbona nikatae, nimelea watoto kwa shida. Lakini subirini niwaambie kinachouma zaidi. Nafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, miaka mingi sasa. Nilianza tukijaza makaratasi kwa mkono, mwaka 2005 KRA, watu wa kodi, wakaleta Simba, mfumo wa forodha wa kompyuta, nikajifunza, baadaye ukaja mwingine, iCMS, nikajifunza. Analetwa kijana ana digrii yake, naambiwa mama onyesha huyu kazi. Namwonyesha, invoisi inasomwa hivi, mzigo huu kodi yake iko hapa usiulipie ya bidhaa nyingine utamtia mteja hasara, ukiona uzito wa hati na uzito wa mizani haulingani simamisha kila kitu. Anashika, ni kijana mwerevu, wala sina neno naye. Baada ya muda yeye ndiye anatia sahihi likizo yangu. Kila nafasi ya juu ikitangazwa mstari wa kwanza ni awe na digrii. Kinachouma ni kwamba najua ningeweza. Nilizaliwa mwalimu wa hesabu, ualimu wenyewe ndio sikupewa. Na aliyeniamulia hakulipa chochote, mchungaji aliendelea na maisha yake, na nikisema hivi watu wananiambia samehe. Nimesamehe! Nani kasema sijasamehe? Kusamehe hakunirudishii ile miaka, na hakunizuii kumtetea mtoto wako.

Haya fungueni Danieli mlango wa kwanza, najua mmenisubiri hapa, wengine mnaijua kwa moyo lakini fungueni tu.

Nebukadreza amepiga Yerusalemu, amechukua vijana. Wanapelekwa wapi? Shule! Tena si shule ya Jumapili, ni Babeli, jumba la mfalme mpagani, wakafundishwe elimu ya Wakaldayo na lugha yao, miaka mitatu. Mitatu, hesabuni wenyewe kama si kozi ya chuo. Na hiyo elimu ya Wakaldayo si tu kusoma na kuandika, huko ndiko kwa wanajimu na watazama nyota, mambo ambayo mchungaji wenu akiyaona kwenye kitabu cha mtoto anakichoma. Majina yao yakabadilishwa pia, Danieli akaitwa Belteshaza, na wenzake mnawajua Shadraka Meshaki na Abednego, hayo si majina ya kwao, ni ya Babeli, na nyinyi mmewapa watoto wenu majina hayo hapa na mnafurahi.

Danieli alikataa nini? Someni. Alikataa chakula cha mfalme na divai yake, akasema tupeni mtama na maji mtujaribu siku kumi. Alikataa chakula, kitabu hakukikataa! Hakuna mstari unaosema Danieli alikataa kuingia darasani. Sasa kuna ndugu mmoja huniambia kila mara, dada, yule alikuwa mateka hakuwa na hiari. Ndugu yangu, na chakula je, si kililetwa kwa amri ya mfalme yule yule? Akatafuta njia ya kukikwepa, akaongea na msimamizi vizuri kwa heshima akakubaliwa. Aliyeweza kukwepa sahani ya mfalme angeshindwa kukwepa darasa? Alijua kipi kinamtia unajisi na kipi hakimtii. Tena mstari wa 17 unasema Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa maarifa na ujuzi katika elimu, Mungu yuko ndani ya darasa la Babeli anawasaidia watoto wake kufaulu, na mtihani ulipokuja mfalme akawaona wanawapita wengine mara kumi. Halafu wewe unaniambia Mungu huyo huyo ataogopa kuingia hosteli ya chuo cha Kenya? Hawezi kumlinda msichana wako Eldoret, amemlinda Danieli kwenye tundu la simba?

Na msiniletee ile ya mitume walikuwa wavuvi, hawakusoma. Petro alikuwa mvuvi sawa, Paulo je, aliyekaa miguuni pa Gamalieli? Luka tabibu? Na haya makanisa yanayomiliki vyuo, Wasabato na Baraton yao, Wakatoliki, Wamethodisti, Waanglikana, wote hao hawajui Bwana anarudi?

Samahani nimepandisha sauti. Lakini lazima tuseme Shakahola, hatuwezi kukaa Pwani hii tukajifanya hatukuona. Mwaka 2023 kwenye msitu huo kule Kilifi ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi. Kesi ya mhubiri Mackenzie, anayedaiwa kuwaambia wafuasi wake wafunge mpaka wafe, iko mahakamani na amekana mashtaka, sitahukumu. Lakini nyinyi watu wa Malindi mnakumbuka kabla ya msitu kulikuwa na nini. Mwaka 2017 alishikwa, na neno lilikuwa shule, kwamba elimu si ya Mungu, watoto watolewe madarasani. Walianza kukataa daftari, halafu hospitali, chakula kilikuja mwisho. Mtoto akitolewa shule hakuna mwalimu wa kuuliza mbona haji, hakuna wa kuona amekonda. Sisemi kila mchungaji anayekataza chuo ni muuaji, msinitie maneno mdomoni, wangu hakuwa muuaji. Nasema ukisikia mtu anataka mtoto wako ajue kidogo zaidi kuliko anavyoweza kujua, muulize kwa nini, na muulize mbele za watu.

Mwaka 2025 Baraza Linaloongoza la Mashahidi wa Yehova, ambao machapisho yao yamewaonya vijana juu ya chuo kikuu kwa miaka mingi, limesema elimu ya ziada ni uamuzi wa mtu mwenyewe. Mimi sikulelewa huko lakini nilifurahi niliposikia, kweli nilifurahi. Kisha nikamfikiria yule aliyeacha nafasi yake mwaka 1995 kwa kutii, sasa ana hamsini na kitu, anafagia ofisi za watu. Yeye anarudishiwa na nani?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka niseme kwa kirefu juu ya Sheikh Al-Amin Mazrui wa hapa hapa Mombasa, kadhi mkuu, mtu wa dini hasa, aliyeandika kwenye magazeti yake Sahifa na Al-Islah miaka ya thelathini akiwasihi Waislamu wasomeshe watoto wao, wa kike pia, wakati wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa shule za misheni zitawabatiza, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Hakusema basi tusisome, alisema tusome na dini yetu tukae nayo. Mwanawe Ali alipata alama ndogo za kumaliza shule, Makerere hakuingia, akawa karani kwenye chuo cha Waislamu pale Tudor, na bado akaishia profesa anayejulikana dunia nzima. Hiyo nitaimaliza siku nyingine.

Na wale wanaosema digrii hazina kazi, wenye digrii wanaendesha boda. Ni kweli wanaendesha. Lakini yule wa boda cheti kiko nyumbani sandukuni, tangazo likitoka anaomba, mimi nasoma mstari wa kwanza nafunga gazeti.

Haraka haraka kwa watu wazima wenzangu, kuna Open University of Kenya imeanza 2023, unasoma kwa mtandao ukiwa kazini. Mwenye alama za chini aanze na cheti au diploma kwenye chuo cha ufundi apande, inachukua muda lakini inafika. Mimi mwenyewe najipanga, nikianza nitawaambia.

Wa kidato cha nne msiondoke. Fomu za HELB, mkopo wa serikali wa masomo, nitawaonyesha kwa simu pale nje, mje na namba ya kitambulisho cha mzazi. Na kama umepata C+ kwenda juu, alama ya kuingia chuo kikuu, na nyumbani wamekataa kwa sababu ya kanisa, usilie ukakaa, njoo uniandikie namba ya babako hapa kwenye daftari, na ya mchungaji wenu, nitawapigia wote wawili wiki hii.