Mikisa au intafesi? Usitoe hela kabla hujaangalia hii

Oya habari zenu, nipo hapa Ngamiani, Tanga, kwenye kachumba kangu, feni nimeizima makusudi maana maiki inaidaka, mkiniona najifutafuta jasho msishangae. Leo tunachagua kifaa cha kurekodia nyumbani. Meseji nyingi mnazonitumia ni hiyohiyo, kaka ninunue mikisa au intafesi? Haya. Mikisa ni ile meza ya kuchanganyia sauti, intafesi ni kisanduku cha kuingizia sauti ya maiki kwenye kompyuta.

Kabla hujaenda dukani hesabu kwanza, utarekodi vitu vingapi KWA MPIGO. Sio vitu vingapi vipo kwenye wimbo, nimesema kwa mpigo. Kama biti unayo kwenye kompyuta na wewe kazi yako kuimba tu basi tundu mbili zinakutosha na moja inabaki ya gitaa. Hii hapa ni Focusrite Scarlett 2i2, maana yake mbili zinaingia mbili zinatoka, Behringer nao wana UMC202HD, habari ni hiyohiyo, usiumize kichwa.

Sasa mikisa. Ee jamani mikisa inavutia, yale mavitufe mengi yale, mgeni akiingia anajua hapa pana studio. Mimi ndio ilinimaliza. Nikaleta watu wa kaswida, maiki nne, mikisa ya chaneli kumi, waya wa USB nikachomeka kwenye laptop, wamepiga vizuri kweli, jioni nafungua nakuta treki, yaani mistari ya sauti iliyorekodiwa, ni mbili tu, kushoto na kulia! Madufu yamemkalia msomaji, nikishusha dufu na yeye anashuka. Ilibidi niwaite tena na chai na mkate wa mofa nikanunua mimi.

Kwa hiyo chaneli za juu ya mikisa na chaneli zinazoingia kwenye kompyuta ni vitu viwili tofauti. Mikisa nyingi za USB zinachanganya kila kitu halafu zinapeleka mbili tu. Zipo zinazopeleka kila chaneli na treki yake, mfano Soundcraft Signature 12 MTK au Tascam Model 12, ila bei yake sio ya mchezo. Kikundi cha watu wanne mimi ningechukua intafesi ya tundu nne kama UMC404HD nikamaliza. Mikisa nunua kama unapiga shughuli, harusi, vigodoro, huko ndio kwao.

Ngoja niwashe zote mbili tusikili—

Aa. Umeme huo umekata. Mnaniona lakini? Nawasha tochi ya simu nyingine... haya afadhali. Ila subirini, angalieni hapa, hii sikupanga kabisa: mikisa imekufa, taa zote chali, intafesi inawaka! Kwa sababu hii 2i2 inakula umeme wa laptop kupitia USB, na laptop ina betri. Kwa umeme wetu huu hiyo peke yake ni sababu tosha. Ile 404 nayo ina adapta yake ya ukutani kwa hiyo hapo mtazima wote.

Tuendelee gizani. Kitufe hiki cha 48V, kinachopeleka umeme kwenye maiki, NISIKILIZENI. Maiki ya aina ya kondensa inauhitaji huo umeme, maiki ya aina ya dainamiki kama Shure SM58 haiuhitaji. Unashusha sauti, unavua hedifoni, unachomeka maiki, NDIO unabonyeza 48V. Kutoa ni kinyume, unazima, unahesabu mpaka kumi, ndio unachomoa. Usichomoe inawaka. Mimi nilichomoa inawaka na hedifoni zipo masikioni, ulitoka mlio PAA, sikio likalia mpaka magharibi. Nasema tena, usichomoe inawaka.

Gaini, yaani kitufe cha kuongeza nguvu ya sauti ya maiki inapoingia, ni rahisi, imba ile sehemu unayopiga kelele kuliko zote (sio "hallo hallo" ya kinyonge) mita ya sauti ifike kama desibeli -12, ikigusa nyekundu rudisha nyuma. Bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kwanza kabla ya kukifanyia kazi, wakati wa kuimba weka sampuli 128, ukirekodi kwenye 44.1 kHz hiyo ni kuchelewa kama milisekunde 3. Ukiiacha 1024 inakuwa 23 na hapo ni kuingia tu, kutoka bado, utajisikia unaimba nyuma ya biti kama mwangwi wa kisimani. Wakati wa kumiksi ipandishe tu, laptop ipumue.

Na waya, huku kwetu chumvi ya bahari inakula vichwa, XLR yako, huo waya wa maiki, ikianza kukwaruza usiilaumu intafesi. Nyaya nachomelea mwenyewe nauza, mita tatu tano, njoo inboksi. Huu hapa kwenye maiki ndio wa kwangu, ngoja niuchomoe niwaonyeshe ndani nilivyo—

Eh! 48V inawaka. Mmeona lakini? Nazima kwanza. Moja, mbili, tatu...