Kasha Lisifunguliwe Leo

Mada niliyopewa ni "Maonyesho ya kusafiri na jamii". Jamii tutaifikia muda ukibaki. Wale mlionisikia zamani mnajua naanzia wapi, na mnaocheka huko nyuma ndio hasa ninaowasema. Kasha la picha likifika, lisifunguliwe. Saa 24. Liingizwe katika chumba kile kile zitakamotundikwa picha, liwekwe juu ya vibao lisiguse sakafu, kisha liachwe lizoee joto la chumba.

Chukueni picha za kale zilizotoka Nairobi usiku wa Julai. Zimelala kwenye lori, kasha limepoa hadi nyuzi 17 hivi. Asubuhi ziko Fort Jesus, Mombasa, hewa ni nyuzi 28 na unyevu asilimia 75. Hewa ya namna hiyo hutoa umande ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 23 kushuka chini. Sasa mtu kashika bisbisi, kifuniko kimetoka, na kila kioo kinatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Anachukua kitambaa, anapangusa, anasema tayari. Tayari nini? Jasho la nje umelipangusa. La ndani, kati ya kioo na picha, nani atalipangusa?

Picha nyingi za kale za nyeusi na nyeupe zina tabaka la jelatini juu ya karatasi, na picha yenyewe imo ndani ya tabaka hilo. Jelatini hunywa maji, huvimba, hulainika, hunata. Kama picha imegusana na kioo, itagandana nacho, na ikikauka hamuibandui bila kuichuna ngozi. Ndiyo maana picha huwekewa kadibodi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha katikati, unene milimita 2 au zaidi. Watu hudhani ile ni urembo. Ile ni nafasi ya hewa. Fremu ya dukani inayobana picha kwenye kioo ni mtego, hata iwe na nakshi za dhahabu.

Najua mtakachosema: mgeni rasmi anakuja kesho saa 4. Basi kasha lilipaswa kufika juzi. Kwenye ratiba wekeni siku 1 ya kasha kulala, siku 1 ya kukagua, siku 2 za kutundika, siku 1 ya taa na maelezo. Siku 5. Atakayewapa siku 2 mwambieni alete mabango, asilete picha.

La pili mtakalosema: hatuna kiyoyozi. Afadhali! Chumba chenye kuta nene za mawe ya matumbawe hubadilika polepole. Kinachoua ni kiyoyozi kinachowashwa saa 2 asubuhi na kuzimwa saa 11 jioni mlango ukifungwa. Kila siku karatasi inatanuka na kusinyaa, jelatini nayo inatanuka kwa kiasi chake, haziendi sawa. Picha inajikunja, mwisho tabaka linapasuka. Kama hamwezi kulipia umeme wa usiku, msiwashe mchana. Wekeni feni za kuzungusha hewa zisizoelekezwa ukutani, na kipima unyevu kinachosomwa asubuhi na jioni, kikaandikwa daftarini. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, kuvu huanza. Na sisi wa pwani tutapita 65, tusidanganyane.

Kwa hiyo niulize: picha ya asili ilikuwa na haja gani ya kusafiri? Hapa ndipo watu hunikasirikia. "Nakala si maonyesho." Haya. Mwaka 1955 Museum of Modern Art ya New York ilifungua The Family of Man, iliyoandaliwa na Edward Steichen: picha 503 za wapigapicha 273 kutoka nchi 68. Zilichapishwa upya kwa ajili ya maonyesho, kwa ukubwa uliotakiwa na ukuta, kisha seti kadhaa zikazungushwa duniani. Watu zaidi ya milioni 9 waliziona. Nani alirudi nyumbani akilalamika kwamba ameonyeshwa nakala? Na angalieni mambo yalivyogeuka: seti iliyobaki ipo Clervaux, Luxembourg, tangu 1994; picha zake zilikarabatiwa kwanza kwa sababu safari ilikuwa imezichosha, na mwaka 2003 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Nakala nayo ikizeeka huwa asili.

Basi chapisheni nakala za safari. Ila mkataba useme ni seti ngapi, nani anashika faili, na safari ikiisha zinateketezwa mbele ya nani. Msipoandika hilo, miaka 3 baadaye mtazikuta zimetundikwa hotelini.

Makasha, haraka haraka. Plaiwudi ya milimita 12, sponji pande zote, fremu zisimame wima, uso kwa uso na mgongo kwa mgongo. Kifuniko kwa skrubu. Misumari hapana, maana nyundo hutikisa kila kitu kilichomo. Kioo kibandikwe gamu-tepu ya karatasi, mistari ikikatizana, ili kikivunjika kisiichane picha. Plastiki ngumu inayowekwa badala ya kioo isibandikwe kitu, hukwaruzika. Kama kasha linavuka mpaka, plaiwudi haidaiwi muhuri wa mbao iliyouliwa wadudu, lakini vipande vya mbao vya pembeni na miguu vinadaiwa: mbao ipashwe moto nyuzi 56 hadi kiini kwa dakika 30, ipigwe chapa. Seremala wengi husahau miguu, kasha linakwama bandarini.

Na pimeni njia. Mzigo wa Lamu unashuka Mokowe, unaingia boti, unapanda gatini, kisha ni mabega au mkokoteni kwenye vichochoro. Kasha la watu 6 halina kazi Lamu. Fanyeni la watu 2.

Ripoti ya hali ya picha: tochi iangazwe kutoka ubavuni, mikunjo na mikwaruzo iwekwe alama kwenye mchoro, anayetoa na anayepokea wote watie sahihi, wakati wa kutoka na wa kuingia, kila kituo. Bila sahihi hakuna bima itakayowasikiliza.

Taa: luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia picha). Saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, wiki 12, ni luksi-saa 28,800. Kituo kimoja kikiwasha luksi 200 kimekula mwanga wa vituo vinne. Hesabu hiyo haina mjadala.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo jamii itasubiri mwakani. Moja tu. Makasha matupu msiyatupe uani wakati wa maonyesho. Sponji hunyonya unyevu wiki 12 nzima, halafu siku ya kufungasha mnaifungia picha kavu ndani ya sponji mbichi. Yakae ndani, vifuniko wazi, chumba kimoja na picha kama nafasi ipo.