Mikarafuu 24 na Mtoto Aliyefiwa

Assalaamu alaykum. Wazee wangu mlioko mbele, shikamooni. Waalimu, na nyinyi vijana mnaoandika mkayaficha madaftari chini ya godoro, ahsanteni kwa kuja hapa Chake Chake, Pemba, siku ya mapumziko.

Nimeombwa nizungumzie riwaya ya mtoto wa miaka tisa hadi 12, yule aliyekwishazichoka hadithi za sungura na fisi lakini hajafikia riwaya za mapenzi. Nikaombwa hasa riwaya ya msiba: mtoto kafiwa, na katika kufiwa huko anakua na anagundua mambo. Nina neno moja tu, nitalizungukia mpaka mchoke. Mtoto aliyefiwa, ndani ya kitabu, apewe kazi.

Mnajua kwetu inavyokuwa. Tanzia ikishatangazwa msikitini, watoto huondolewa. "Mpelekeni kwa jirani akacheze." Maiti anaoshwa, anakafiniwa, jeneza linatoka, na mtoto yuko ua wa pili kapewa biskuti. Akirudi anakuta majamvi barazani, wanaume asiowajua wanasoma khitma, na mama yuko chumbani hatoki. Waandishi nao wanafanya vivyo hivyo. Wanaandika "siku zilipita", na sura ya pili mtoto keshaletewa mama wa kambo mwenye roho mbaya. Mama wa kambo huyo katumikishwa tangu enzi za ngano. Mpumzisheni.

Mimi ninaandika riwaya ya mtoto wa kike, nimempa jina Mize, umri wake miaka 11, kijiji chake upande wa Wete. Baba yake ni mvuvi wa kwenda dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na kwao, na ana mikarafuu 24 aliyoirithi. Baba anafariki ukurasa wa nne. Mama anaingia eda.

Hapo ndipo pana utajiri ambao mwandishi wa kwetu anao na hautumii. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, kwa mwezi mwandamo ni siku 128 hivi. Kizuka, yaani mjane aliye edani, hajipambi, hajitii manukato, na hatoki nyumbani ila kwa dharura. Basi nani aende dukani? Nani apeleke ujumbe? Mize. Yeye ndiye anayetoka kwa niaba ya mama, na riwaya nzima inaenda kwa hesabu ya siku za eda. Sikuhitaji kubuni muundo. Sheria imeshanipa mwanzo, mwisho na sababu ya mtoto kuwa njiani peke yake, jambo ambalo waandishi wa watoto duniani kote huhangaika nalo. Wengine huwapeleka watoto kwenye visiwa vya mazimwi ili wawaepuke wazazi.

Kazi ya kwanza ya Mize ni madeni. Mnajua utaratibu: mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Siku ya maziko hutangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Mama anampa Mize daftari la baba na kumwambia apite kwa watu: fundi wa mashine za boti, muuza nyavu, mwenye duka. Kwa kila anayemwendea, anakutana na baba asiyemjua. Fundi anasema, "Babako alikuwa mtu wa maskhara." Nyumbani baba hakuwahi kucheka. Mwenye duka anasema deni lilishalipwa, na Mize anaona wazi kwamba anadanganya kwa huruma. Afanye nini na uongo wa namna hiyo? Mtoto wa miaka 11 anaweza kulifikiria swali hilo usiku mzima. Mpeni nafasi.

Usiku kuna karafuu. Msimu umefika, wachumaji wanalipwa kwa pishi, na karafuu mbichi lazima zichambuliwe, makonyo, yaani vikonyo vyake, kando, ili asubuhi zianikwe. Hiyo kazi kizuka anaweza kuifanya ndani. Nimewaweka hapo wawili hao, mama na mwana, mikono ina shughuli, macho yameinama. Mazungumzo yote makubwa ya kitabu yanatokea kwenye kuchambua. Kwa kawaida sisi hatukai tukatazamana usoni tukaulizana "unajisikiaje". Mhusika wa Kipemba akiuliza hivyo msomaji atadhani ni daktari.

Sasa simu. Simu ya baba inabaki na Mize kwa sababu ndani yake mna namba za wadai. Kuna namba inapiga kila Ijumaa, inaanza na +254. Kenya. Mize hapokei. Wiki ya tatu anapokea, na anasikia sauti ya mtoto wa kiume, mdogo kuliko yeye, inasema: "Baba, mbona hupokei?"

Hapa nataka tukae kidogo. Wavuvi wetu, hasa Wakojani, watu wa kisiwa cha Kojani, wamekwenda dago pwani ya Tanga na Kenya kwa vizazi na vizazi, na wengine wameoa huko. Wako Wapemba waliozaliwa Kenya wakakaa miaka mingi bila kitambulisho cha nchi yoyote, mpaka mwaka 2023 serikali ya Kenya ilipowatambua. Kwa hiyo kaka mdogo wa Mize, niliyemweka Shimoni, pwani ya Kenya, si kioja. Kila mtu ukumbini hapa anajua nyumba ya namna hiyo, ila haisemwi mbele ya watoto. Na Mize kwa sauti ile moja anajua mambo mawili: kwamba ana ndugu, na kwamba ndugu huyo hajui kuwa baba kafa. Yeye ambaye hakuna aliyemwambia kitu, sasa ndiye wa kumwambia mwenziwe. Anakata simu. Bila shaka anakata simu, mimi nisingemwandika mtoto anayejua la kusema.

Kunyamaza kwake kuna gharama. Eda ya mke huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, hata kama habari haijamfikia. Kila Ijumaa Mize anapoacha simu iite, yule mwanamke wa Shimoni, mama wa mtoto yule na mke wa pili wa baba, anaimaliza eda yake bila kujua kwamba ni mjane.

Na kuna hesabu. Bila mtoto wa kiume, mikarafuu 24 inagawika hivi: mama, thumni, yaani moja ya nane, miti mitatu. Mize, binti wa pekee, nusu, miti 12. Iliyobaki tisa inakwenda kwa ami yake. Akitokea yule kijana, wajane wawili wanagawana thumni ile ile, mti mmoja na nusu kila mmoja. Inabaki 21: mtoto wa kiume 14, Mize saba. Ami hapati hata tawi. Mnaona ami ana sababu gani ya kutotaka simu ile ipokelewe? Wala sikumfanya mwovu. Ndiye aliyegharamia mazishi, na ana watoto sita.

Mize anafundishwa sehemu skuli. Anaipiga hesabu nyuma ya daftari la madeni na anaona kwamba akisema kweli atapoteza miti mitano, na mama yake mti mmoja na nusu. Watu husema mirathi ni mambo ya wakubwa. Lakini Sura An-Nisaa, aya ya 6, inawaambia walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, wakiwaona wana busara wawakabidhi mali zao. Kujaribiwa kunaanza mtoto angali mtoto. Sijaona maelezo mazuri zaidi ya riwaya ya kukua.

Mfano mkubwa tunao. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, katika riwaya iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, anamwonyesha Yusuf, katika mwaka wake wa 12, akiondolewa nyumbani kwa sababu ya deni la babake. Hicho si kitabu cha watoto. Ila mtazameni Yusuf: anaonja deni kabla hajaelezwa deni ni nini.

Mtaniuliza kwa nini baba wa Mize simzamishi baharini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija huku. Katika ukumbi huu wamo waliopoteza watu, na wengine hawakupata maiti ya kuzika. Watoto wenye miaka kumi leo wamezaliwa baada yake, na wamerithi ukimya wake nyumbani. Riwaya hiyo iandikwe, na pengine mwandishi wake yumo humu. Lakini isitumiwe kama mshtuko wa sura ya kwanza. Baba wa Mize nimemuua kwa homa, kitandani kwake.

Nimefika pahala nimekwama, na kwa kuwa wamo humu waliosoma mirathi, nisaidieni kabla ya adhuhuri. Nataka mama yake Mize awe na mimba changa ambayo hajamwambia mtu. Eda yake basi haitakwisha kwa siku 128, itakwisha atakapojifungua, na fungu la aliye tumboni lazima liwekwe. Kalenda yangu yote inavunjika, na miti 24 haigawiki tena vizuri. Je, nimwache Mize aigundue mimba hiyo kabla ya kuipokea simu ya Shimoni, au baada?