Mtoto wa Nani Wewe?

Mhadhara kwa wakaazi wa shehia, Mjini Unguja

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ahsanteni kwa kunialika. Nimeambiwa nizungumzie heshima katika mazungumzo ya mambo ya nchi. Nitazungumza, ila mnivumilie nikianza kwa kuwaudhi kidogo. Hapa kwetu heshima tunayo ya kutosha. Shikamoo zipo, samahani zipo, na hata anayetaka kukutukana huanza na "sikuvunjii heshima." Tunachokosa ni ruhusa ya kupingana, na mara nyingi heshima hiyohiyo ndiyo tunayoitumia kuwanyima wengine ruhusa hiyo.

Chukueni kikao cha kamati ya maji, baada ya sala ya alasiri. Kijana anasimama, mikono nyuma, anauliza kwa upole: zile pesa tulizochanga za pampu zimefikia wapi, mbona mifereji bado mikavu? Mzee mmoja anamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mtoto wa nani wewe?" Watu wanacheka. Mwengine anadakia: "Na nani kakutuma?" Kijana anakaa. Mwenyekiti anaendelea na ajenda inayofuata. Hakuna aliyepaza sauti wala aliyetukana, na kwenye muhtasari katibu ataandika kuwa kikao kilikwenda kwa utulivu. Habari ya pampu ndiyo imeishia hapo.

Maswali hayo mawili mimi nayaogopa kuliko matusi. Matusi kila mtu anajua ni makosa, atatokea wa kukemea. Lakini "mtoto wa nani" linasikika kama adabu, kumbe linamtoa mtu kwenye hoja yake na kumrudisha kwenye ukoo: asili yao wapi, babake alikuwa chama gani. Na "nani kakutuma" linamwambia kwamba kichwa alichobeba si chake. Ukishaulizwa hivyo, hata ukijibu, unajitetea wewe, pampu imeshasahauliwa.

Tumelijaribu hili kwa ukubwa wa visiwa vizima vya Zanzibar. Uchaguzi wa Rais wa Zanzibar wa 1995, wa mwanzo wa vyama vingi baada ya Mapinduzi, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama kikuu cha upinzani wakati ule, akapewa 49.8. Nusu kwa nusu. Mliokuwa watu wazima wakati ule mnakumbuka mitaa ilivyokuwa. Maskani, yaani vijiwe vya wafuasi wa vyama, za hawa na za wale. Msiba ukitokea unaangalia kwanza marehemu ni wa upande gani ndipo uvae kanzu. Duka liko mlangoni kwako, unalipita, unakwenda kununua sukari mtaa wa pili. Kahawa ileile, kashata zilezile, lakini kila baraza na upande wake, na humo siasa ilizungumzwa kutwa kucha. Ilizungumzwa au iliitikiwa? Mmoja anasema, kumi wanaitikia, na jua linatua hakuna aliyelazimika kufikiri upya jambo hata moja.

Halafu tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu. Julai 31 ya mwaka uliofuata tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani vyama vishindani vitawale pamoja. Oktoba ukaja uchaguzi: Dk. Ali Mohamed Shein 50.1, Maalim Seif 49.1. Zitazameni hesabu hizo. Baada ya miaka 15 tulikuwa bado nusu kwa nusu, lakini safari hii aliyeshindwa aliyakubali matokeo, na mitaa ikatulia. Watu wakazikana.

Wapo wanaopenda kusema hapo tulipata tabia njema. Mimi naona tulipata zaidi Katiba iliyorekebishwa, iliyompa wa pili kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais. Mtu anayejua kuwa akishindwa bado atasikilizwa hana haja ya kukununia msibani. Na ushahidi ni kilichotokea uchaguzi wa 2015 ulipofutwa na kurudiwa 2016: Pemba, kususiana maduka na misiba kukarudi, kwa watu walewale waliokuwa wakisalimiana vizuri kabla ya hapo.

Ndiyo maana kwenye vikao vyetu vidogo sihubiri sana upole. Nauliza nani anasema kwanza. Mwenyekiti akianza yeye, kisha imamu, kisha mwalimu mkuu wa skuli, basi sisi tuliobaki ni "naunga mkono hoja" mpaka kikao kinafungwa. Hiyo tumeiiga bungeni, na huko nako sijui kama imewasaidia. Jaribuni kugeuza. Mdogo aseme mwanzo, mzee amalizie; heshima yake haipungui, maana neno la mwisho ni lake. Kwa wanaume nina jengine: mabarazani nje mnakaa nyinyi tu, halafu uamuzi wa maji unatoka hapo. Anayebeba ndoo hayupo.

Na mtu akisema jambo usilolipenda, lipo swali bora kuliko yale mawili: "Umeliona au umeambiwa?" Linamheshimu, na linamlazimisha kuleta ushahidi. Ila uwe tayari kuulizwa na wewe.

Wengine mtaniambia dawa ni kupiga marufuku: kundi la WhatsApp la ukoo limeandikwa juu kabisa "siasa hairuhusiwi humu." Bei ya mchele je? Dawa hospitali? Mkiyatoa hayo kitakachobaki ni picha za maua na Ijumaa njema.

Wachache nao wasidharauliwe kwa idadi yao. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchi nzima mwaka 1991 kuuliza watu wanataka chama kimoja au vyama vingi, kiasi cha wanne kwa kila watano walitaka chama kimoja kiendelee. Serikali ikawasikiliza wale wa tano, na 1992 sheria ikabadilishwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Sisemi wengi wapuuzwe kila mara. Nasema kuwahesabu watu ni kazi moja na kuwasikiliza ni nyengine.

Mwisho, methali tunayoipenda mno kumnyamazishia mtu: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Januari 26 na 27, 2001, watu waliuawa kwa risasi katika maandamano, wengi wao Pemba, na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Aliyempoteza mtoto siku ile akianza kusimulia barazani, sauti ikampanda, kuna atakayemwambia, "Taratibu bwana, mbele za watu." Mimi namuomba huyo anayemtuliza anyamaze yeye. Mzee wa watu aachwe amalize, hata kama anapiga kelele, hata kama chama chako ndicho kinachotajwa. Ukiwa na jawabu, subiri amalize, kisha lijibu alilolisema.

Sasa maswali. Naanza na huko mlangoni, na simuulizi mtu ni mtoto wa nani.